Mafuta juu ya Gileadi

London,
Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Kwako Shangazi yangu mpendwa Angélique,

Pokea salamu za upendo kutoka Thornton Heath, ambako mvua imeanza na watu wote wameshatoa makoti kabatini. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kigoma ukiwa mzima, goti limepunguza kukusumbua, na watoto wa darasa la tatu hawakuchoshi kupita kiasi. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na kazi katika nyumba ya wazee, zamu za asubuhi, na akirudi huweka miguu kwenye beseni la maji moto na kuuliza kama kuna habari zako. Mimi nami sijambo mwilini.

Nimesema mwilini kwa sababu moyoni nina jambo, na naliandika mwanzoni kwa kuwa nikilichelewesha nitakuaga bila kulisema. Kwa siku nne nilimwacha mzee mwaminifu aamini kitu kisichokuwa kweli. Yeye mwenyewe sasa anajua kwamba nilinyamaza, na anadhani ilikuwa hofu. Sijamwambia yeye, wala Mama, wala mtu mwingine yeyote, kwamba katika siku zile nne nilikuwa na furaha kuliko siku zote tangu nimalize shule. Unajua nilivyo kwenye simu. Unauliza, nasema ndiyo, nasema hapana, basi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nilimaliza shule mwezi wa Juni, na Mama ndiye aliyenitafutia kazi bila kukusudia. Katika nyumba ya wazee yuko mama mmoja mgonjwa, na mume wake huja kumtazama kila Jumapili jioni. Huyo mume anaitwa Mzee Jaswinder. Ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru, akaja London akiwa kijana. Siku moja Mama alipofanya zamu ya jioni, mzee alimsikia akinigombeza kwa simu, akamsubiri amalize, kisha akamwambia, “Jambo mama, hiyo toto nakosa nini?” Mama alicheka mpaka akakaa. Akamweleza kwamba mtoto hana kosa ila hasemi na watu, na kazi zote anazoomba zinataka mtu wa kusema. Mzee akajibu kwamba kazi yake yeye haitaki maneno, inataka mikono isiyotetemeka.

Basi nikaenda. Duka lake liko katikati ya mji, kwenye uchochoro mwembamba ambao watu huupita bila kuuona. Anauza ramani za zamani za nchi za Maandiko: Kanaani, njia ya Waisraeli jangwani, safari za Mtume Paulo. Alinipa miezi mitatu ya majaribio. Alisema Ijumaa ya kwanza ya Oktoba ataniambia kama kiti cha pili kwenye meza ya rangi, tunapozipaka ramani rangi kwa mkono, kitakuwa changu au la. Nyumbani kwetu neno kiti likawa neno la kila siku. Mama alikuwa akiliombea kabla ya kula na baada ya kula.

Ramani hizi, Shangazi, si kama ile ya ukutani darasani kwako. Nyingi zimegeuzwa, mashariki iko juu, kwa hiyo bahari iko chini ya karatasi na unaitazama nchi kama mtu anayeteremka sasa hivi kutoka merikebuni. Jangwani kuna mahema ya Waisraeli yamepangwa safu kwa safu, kila hema dogo kuliko punje ya mchele. Baharini kuna samaki mwenye mdomo wazi, na miguu ya Yona bado inaonekana nje. Mzee aliniambia kwamba wengi wa waliozichora hawakuwahi kufika huko. Walikaa katika miji ya baridi, wakasoma Maandiko na habari za wasafiri, wakaweka mlima pale walipoona panafaa mlima. Nilipenda sana kusikia hivyo. Mimi niliondoka Uvira nikiwa na miaka mitatu, na ziwa ninalolikumbuka ni lile Mama alilonisimulia. Nikipaka bluu Bahari ya Galilaya, ambayo ni ndogo kama harage, mkono wangu huenda polepole, naona kama nikimaliza kuipaka mtu atatokea ufukweni na kuniita.

Chini ya kila ramani kuna majina. Kuna jina la aliyechora, jina la aliyechonga bamba la shaba, na jina la mchapaji. Aliyepaka rangi hana jina. Mzee anasema mara nyingi walikuwa wanawake na wasichana, wake na mabinti wa watu wa kazi hiyo, wamekaa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, kila mmoja na rangi yake moja. Wa waridi alipaka Yuda akasogeza karatasi. Wa manjano akapaka Benyamini akasogeza. Karatasi ilizunguka meza kama sinia la ugali mpaka makabila yote kumi na mawili yakapata rangi. Mimi humwaza zaidi yule wa kijani. Kijani cha siku hizo walikitengeneza kwa kutu ya shaba na siki, kwa hiyo naamini alinuka siki hata kanisani. Kuna mchana nilimsikia akivuta kamasi pembeni yangu kwa ajili ya baridi. Najua hakuwepo.

Mzee ana sheria nyingi za meza, lakini kubwa ni moja: mafuta ni adui wa karatasi. Chai hainywewi karibu, mkate wa siagi hauingii chumbani, na mikono haipakwi losheni. Mara ya kwanza nilipokuja nimejipaka alinirudisha bombani kwa sabuni, akasema, “Hii karatasi kaa miaka mia tatu bila kula mafuta. Leo wewe nataka kupa yeye?” Tangu hapo nikawa naenda kazini nimepauka mpaka viwiko. Mama aliumia sana. Alikuwa akisema watu kwenye treni watadhani mimi ni mtoto asiye na mama.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Alhamisi ya mwisho kabisa ya Septemba, bomba la nyumba ya juu lilipasuka na maji yakaingia dukani kupitia darini. Ramani zilipona, lakini ilibidi duka lifungwe mpaka Jumatatu. Tulikuwa na kazi moja ya haraka, ramani ya Kanaani ya makabila kumi na mawili, ambayo ilichapwa zamani lakini haikuwahi kupakwa rangi. Mteja ni Bi Haifa anayekaa karibu na Edgware Road. Bibi yake alizaliwa katika mji ulioko ng'ambo ya Yordani, kwenye vilima ambavyo katika ramani vimeandikwa Gileadi, na alitaka vilima hivyo vipakwe kijani. Mzee aliniruhusu niichukue nyumbani kati ya mbao mbili, nimalizie. Hakuwahi kumruhusu mtu hivyo.

Ijumaa saa tisa Mama alirudi kutoka kazini akaikuta mezani. Upande wa magharibi nilikuwa nimeshaumaliza, ng'ambo ya Yordani ilikuwa bado nyeupe. Mama hakuwahi kuziona ramani zangu. Aliuliza kama hii ndiyo nchi yenyewe, nikasema ndiyo. Akavua viatu vyake vya kazi, akavisogeza ukutani, akasimama pekupeku mbele ya karatasi. Alikuwa katika siku ya tatu ya mfungo, amefunga kwa ajili ya kiti changu. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya mzeituni ambayo Mchungaji Adolphe wa kanisa letu aliyaombea. Alisema, “Bwana, mtoto wangu huyu hana maneno, lakini ana mikono. Mpe mahali pa kukaa.” Kisha akachora msalaba mdogo kwa kidole gumba juu ya Gileadi. Nami nikasema Amina.

Jumatatu nilirudi dukani na karatasi. Nilipochovya brashi kwenye kijani na kuigusa Gileadi, rangi ilikataa. Ilijikunja ikawa vitone, kama maji juu ya jani la mgomba. Mzee Jaswinder aliona mkono wangu umesimama, akaja, akainyanyua karatasi dirishani. Pale kwenye msalaba mwanga ulipita kama kupitia kioo. Lazima nikwambie kwamba macho yake yana mtoto wa jicho, anangoja operesheni. Alitazama kwa kioo cha kukuza, akasogea, akarudi, kisha akaanza kutembea chumbani akiongea Kipunjabi peke yake.

Alinieleza baadaye kwamba zamani wanakili walikuwa wakipaka karatasi mafuta ili iwe angavu, wapate kufuatisha mistari kwa chini, na kwamba waliweka vimisalaba ili karatasi mbili zikae sawa. Aliamini msalaba wetu ni alama ya mtu kama huyo, mfanyakazi asiye na jina wa miaka mia tatu iliyopita, na kwamba mafuta yalijificha kwenye karatasi mpaka brashi yangu ilipoyaamsha. Alinishika kichwa kwa mikono miwili. “Beti,” alisema, ndilo neno lao la binti, “mimi tafuta huyu mtu miaka arobaini. Wewe pata yeye na brashi moja.” Akasema pia kwamba jicho kama hilo haliachwi liende duka lingine.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Jumatatu nilijiambia nitasema baada ya chai. Jumanne alimpigia Bi Haifa na kumwambia kuhusu msichana wake aliyegundua alama. Jumatano nilisikia nikitajwa tena, na nikaona shingo yangu imenyooka. Haya ndiyo ninayoyaona aibu kukuandikia: polepole nilianza kuamini. Nilikaa mezani nikamwona yule msichana wa kijani amechoka, ameegemea karatasi na kidole chenye mafuta ya chakula chake, na kidole kile kikawa chake kabisa. Nilisahau kidole cha Mama. Nilikuwa nikipanda treni jioni nikitabasamu, mimi ambaye hutazama viatu vyangu kutoka Victoria mpaka nyumbani.

Alhamisi Mzee alinipa karatasi nisome. Ilikuwa maelezo ya ramani ambayo Bi Haifa angepewa Jumamosi pamoja na ramani yenyewe. Katika biashara ile maelezo ya Mzee Jaswinder hayaulizwi mara mbili, hata watu wa makavazi huyapokea. Alikuwa ameandika habari yote ya mnakili na mafuta, akaacha nafasi ya sahihi yake. Na mstari wa mwisho ulisema kwamba alama iligunduliwa na Bi Gloire, wa meza ya rangi. Shangazi, wale wasichana wote walipaka nchi nzima na majina yao hayapo popote. Mimi jina langu lilikuwa pale, limepigwa chapa safi, chini ya uongo. Niliirudisha karatasi, nikasema ni nzuri. Nyumbani sikuweza kula. Mama alidhani ninaogopa kesho, akaniwekea mkono mgongoni.

Ijumaa nilikichukua kile kichupa kwenye mkoba wake. Nilijua nikisema nitakwama katikati, kwa hiyo nilipofika nilitafuta kwenye sanduku la mabaki kipande cha karatasi kuukuu cha aina ileile. Nikakiweka mbele ya Mzee, nikafungua kichupa, nikachovya gumba, nikachora msalaba. Nikangoja uzame. Kisha nikakishika kipande dirishani, na kwa mkono mwingine nikaishika ramani kando yake. Mwanga ulipita kote kuwili, sawasawa.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani. Aliuliza lini, nikasema Ijumaa iliyopita. Aliuliza nani, nikasema Mama, halafu nikasema, hapana, ni mimi. Na hapo nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nilipokusimulia habari ya Mama nimeruka kitu. Mama alitaka kupaka Yerusalemu. Yerusalemu nilikuwa nimeshaipaka, niliogopa rangi itaharibika. Ningeweza kumzuia kabisa. Angenisikiliza, maana anajua mimi ndiye ninayejua kazi. Badala yake nilimshika gumba lake lenye mafuta, nikalisogeza mpaka Gileadi, nikamwambia hapa, ndiko kulikotoka dawa ya kuponya. Sheria ya mafuta naijua kama jina langu. Lakini nilikitaka kile kiti, Shangazi, nilikitaka kuliko nilivyoiheshimu karatasi.

Yote hayo nilimwambia Mzee, ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasikia kwangu. Aliketi. Alisema leo jioni angetia sahihi, na miaka arobaini yake ingekaa juu ya chupa ya mafuta. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akakichukua kichupa, akakinusa, akasema, “Hii mafuta mzuri kuliko ile mimi napikia.” Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Akaeleza kwamba mafuta ya wiki moja bado hutoka kwa dawa, lakini yakifika mwezi yanaingia kwenye mifupa ya karatasi na hayatoki tena. Akanyoosha mikono yake mbele ya macho yake, akatikisa kichwa. “Macho yangu hapana weza. Fanya wewe.”

Wewe unajua kwetu mafuta ya upako hayafutwi. Nilipokuwa mdogo Mama hakuniruhusu kunawa uso mpaka kesho yake, na nililala chali ili mto usiyanywe. Ijumaa ile nilikaa kuanzia saa tano mpaka saa tisa, pamba yenye dawa kwenye kijiti, karatasi ya kunyonya chini ya ramani. Mzee alikuwa nyuma yangu akisema viringisha, usisugue. Nilianza na mkono wa kushoto wa msalaba. Ulipotoka nikaenda wa kulia. Kila pamba iliyojaa niliiweka kando, nikachukua nyingine. Nilisikia sauti ya Mama kila nilipoinamisha kichwa, anasema huyu mtoto hana maneno. Kilipobaki kile kidoa cha katikati mikono yangu ilitaka kusimama, na Mzee akanisogezea pamba nyingine. Nikakiondoa nacho. Alipoishika karatasi dirishani mwanga haukupita tena. Gileadi ilikuwa nyeupe na kavu, kama vile hakuna aliyewahi kuniombea.

Mzee alimpigia Bi Haifa palepale, nikiwa nasikia, akamwambia amekosea, alama ile si ya kale, ni ya dua ya mama mmoja wa Kongo, na imeondolewa. Bi Haifa akauliza kama vilima bado vitakuwa kijani. Mzee akanitazama. Nikachovya brashi, nikapaka, na rangi ikakaa. Ilienea taratibu mpaka kwenye mpaka wa Manase ikatulia. Mzee aliiangalia kwa kioo cha kukuza mpaka chai yake kule mbele ya duka ikaota ngozi juu. Halafu akaniambia Jumatatu nije na namba yangu ya bima ya taifa, aniandikishe kazini. Alisema nimsalimie mama sana, lakini chupa ikae nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyopata kiti.

Nilipomwambia Mama nimepata, nilisema hilo tu. Alipiga magoti jikoni na sufuria ya mboga ya sombe mkononi. Jumapili alitoa ushuhuda kanisani. Alisimama na kitenge chake kipya, akaeleza jinsi alivyopaka mafuta Ijumaa na Ijumaa iliyofuata mtoto akapewa kiti. Watu walipiga makofi, Mchungaji Adolphe akaniita nisimame, nikasimama. Aliniuliza kama ni kweli. Ijumaa na Ijumaa ni kweli. Nikasema Amina, na sauti yangu ilisikika mpaka nyuma, watu wakashangaa. Tukirudi nyumbani kwa miguu Mama aliniambia anafurahi kuwaza kwamba ramani ile iko ukutani kwa watu wasiotujua, na siku sisi tutakapokuwa hatupo mafuta yake yatakuwa bado yako pale. Alikuwa amenishika mkono. Nilimwambia ndiyo, Mama.

Sijui nilichofanya ni dhambi ya namna gani, Shangazi, au kama ni dhambi. Nawaza kwamba bila mafuta yale nisingesema yale maneno mengi, na bila maneno yale Mzee asingenijua. Halafu nawaza kwamba najitafutia njia. Ukiwa na jibu niambie, lakini uniambie kwa njia tutakayokubaliana, maana najua desturi yako ya kusahihisha barua zangu kwa wino mwekundu na kuzirudisha, na Mama huzifungua kabla yangu ili aone nimekosa mangapi. Hii hata ikiwa na makosa usiirudishe. Anakuletea Aristide wa kwaya, anayesafiri kuwaona wazazi wake hapo Kigoma, na nimeifunga kwa gundi.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na jirani yako anayekukandia goti. Mama atakupigia Jumapili na atakusimulia ushuhuda wake kutoka mwanzo. Nakuomba umsikilize mpaka mwisho, na ufurahi naye. Akikwambia mafuta bado yako Gileadi, mwitikie.

Ni mimi binti wa kaka yako,
Gloire